Jibu la Posa Lililosomwa Darasani

"Ticha, hii siyo ya kwenye kitabu," alisema Noof.

Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la kumi na moja, karatasi mkononi, nimeshasoma mistari miwili kwa sauti. Wa kwanza ulikuwa Bismillahi. Wa pili ulisema: "Sisi jamaa wa binti tumeipokea posa yenu kwa furaha, na tumeridhia."

Hapo nikakoma kusoma.

Muatasim, ambaye tangu Septemba hajawahi kufunga mdomo dakika tano, akanyoosha mkono.

"Mimi nabahatisha ni yule mchungaji anamwandikia jirani tajiri. Lakini mchungaji wa Kimarekani kuanza na Bismillahi, Ticha, hapo sijaelewa."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama saini iliyo chini ya karatasi, saini ya ami yangu, huku nimeshika meza.

Ngoja nieleze, maana bila haya hutafahamu kwa nini nilishika meza.

Mimi naitwa Shahad, nina miaka thelathini, nasomesha Kiingereza katika skuli moja ya binafsi hapa Maskati. Muhula ule tulikuwa na riwaya kongwe ya Kimarekani, ya zama za magari ya farasi. Jina lake silitaji. Tangu siku ile nikilisikia natoka jasho. Ndani yake mna mjane mwenye shamba la ngano na jirani tajiri anayetaka kumuoa, lakini huyo jirani haendi mwenyewe hata siku moja. Kila mara anamtuma mchungaji wa kanisa. Mjane anakataa kwa barua, na kitabu hakitwambii barua ilisema nini.

Kwa hiyo nikawapa wanafunzi kazi: iandikeni nyinyi. Sharti la kwanza, msitaje jina la mtu wala mahali, ili wenzenu wabahatishe nani anamwandikia nani. Sharti la pili, andikeni kwanza kwa lugha mnayogombania nyumbani, halafu ndiyo muifasiri kwa Kiingereza. Hapa kwetu nusu ya darasa wanagombana kwa Kiarabu, na wengine kwa Kiswahili cha bibi zao waliotoka Unguja. Mwalimu huanza. Nikaandika ya mfano kwa Kiswahili, nikaitia kwenye bahasha ndefu nyeupe ya skuli, nikaigundisha.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo hiyo, baada ya magharibi, Ami Hamood akaniita ukumbini. Ami ni mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyenilea. Wiki moja kabla, watu wa bwana mmoja, Majid, walileta barua ya posa, na mimi nilishasema nimekubali. Ilibaki kuandika jibu.

"Andika wewe," aliniambia. "Wewe ndo mwalimu. Mkono wangu siku hizi unachora tu. Mie ntatia saini."

"Ami, mtu anajiandikia jibu la posa yake mwenyewe?"

"Nani atajua? Andika kwa adabu, usizidishe maneno."

Nikaandika kwa adabu. Akatia saini. Nikachukua bahasha nyingine kutoka mfuko ule ule wa skuli, ndefu, nyeupe, nikaigundisha, nikaiweka mezani kando ya ile ya darasani, nikampa bahasha moja, akavaa kofia akaenda zake.

Na sasa ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, na bahasha aliyoondoka nayo Ami nilijua ilikuwa na nini.

"Someni sura ya tisa kimya kimya," niliwaambia wanafunzi. "Noof, njoo nje."

Kwa nini Noof? Kwa sababu Noof ni mtoto wa marehemu kaka yake Majid. Majid ndiye aliyekuwa akimchukua skuli mchana, na pale getini ndipo tulipojuana. Mwaka mzima wa salamu za dakika mbili. Alikuwa na tabia ya kuniuliza khabari za joto. Shahad, leo nyuzi arubaini na tatu. Shahad, leo afadhali kidogo. Baadaye tukawa tunaandikiana kwenye simu, mambo ya heshima tu, kitabu gani unasoma, barabara gani unapima, maana yeye kazi yake ni kupima barabara. Nilimpenda mapema, sitaki kuficha. Yeye hakuwahi kusema neno. Halafu siku moja naambiwa na Ami kwamba posa imeletwa.

Tulipofika kwenye veranda ya darasa, Noof alikuwa ananitazama kwa jicho la chuki. Siku tatu zile alikuwa hivyo, na mimi nilidhani ni utoto.

"Noof, Jumapili ami yangu alileta bahasha kwenu. Uliona ndani mna nini?"

"Sikuoneshwa. Bibi alisema mambo ya wakubwa."

"Alisoma?"

"Alisoma, akakaa chini, akalia. Halafu akampa Ami Majid. Naye akasoma, akatoka, hakula. Si umemkataa, Ticha? Sasa unataka nini kwangu?"

"Mimi nimemkubali."

"Bibi kila saa anasema, eti kiwanja, eti dalali. Kwamba umewaambia wewe si kiwanja hata utumiwe dalali."

Nikafumba macho. Ule mstari niliutunga mimi mwenyewe na nilijisifu nao.

"Noof. Hiyo ni barua ya mjane."

"Mjane gani?"

"Wa kitabuni. Barua ya mfano, ya leo. Nilizichanganya bahasha. Jibu la posa ndilo hili nililokuwa nikiwasomea."

Alinitazama, akaziba mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Kisha akaacha ghafla.

"Ticha, leo baada ya alasiri bibi anakwenda kuposa kwengine."

"Kwengine wapi?"

"Kwa watu wa Matrah. Wamewahi kumtaka Ami Majid zamani. Bibi amesema hataki mwanawe akae na aibu wiki nzima."

"Na Majid amekubali?"

"Amesema fanyeni mnavyotaka."

Nikamwambia Noof arudi ndani, nikatoa simu, nikasoma tena maneno yetu ya Jumatatu, ambayo mpaka leo nilikuwa nayaona ya kawaida.

Mimi: "Barua imefika?"

Majid: "Imefika. Nimeisoma mara tatu. Nimekuelewa. Allah akujaalie kheri."

Mimi: "Amin. Na wewe pia."

Wallahi nilidhani ni haya za bwana harusi. Nilipoona amenyamaza baada ya hapo, nikasema na mimi ninyamaze, nisije nikaonekana nina pupa. Nikakaa siku mbili nimenuna, namsubiri mtu ambaye nimeshamwambia Amin.

Violeth alinikuta hapo hapo. Violeth ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Bukoba, mwaka wa sita yuko Maskati, na hana subira na mambo yetu. Nikamueleza kwa maneno machache. Akachukua simu yangu, akasoma.

"Yaani wewe umeachana na mwanaume kwa Amin?"

"Violeth, usinichome."

"Sikuchomi, nashangaa. Mtu anakuombea heri kama anakuzika, na wewe unaitikia? Mpigie sasa hivi."

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

"Yuko Quriyat kazini tangu jana," alisema Noof, ambaye kumbe hakurudi ndani, alikuwa amesimama nyuma ya mlango. "Huko mlimani simu hazishiki. Atarudi leo kumpeleka bibi Matrah."

"Mpigie bibi yako."

"Bibi akikasirika hashiki simu. Ameizima tangu Jumapili."

Violeth akanisukuma begani. "Darasa lako nakaa nalo mimi. Tafuta huyo mjomba wako."

"Ami."

"Huyo huyo. Nenda."

Nikampigia Ami Hamood nikiwa natembea kuelekea kwenye gari.

"Ami, ile bahasha ya Jumapili uliifungua?"

"Nifungue jibu la posa njiani? Mie mtoto?"

"Barua uliyotia saini ninayo mimi hapa mkononi."

Nikamsikia anaweka kikombe chini.

"Basi mie nimempelekea nini mama yake Majid, Bi Bakhita?"

"Barua ya kukataa."

"Nani kakataa?"

"Mjane mmoja wa Kimarekani."

"Shahad, mie nna presha. Sema taratibu."

Nikasema taratibu. Alivuta pumzi ndefu sana.

"Na siku tatu hizi, Ami, umeona kimya, kwa nini hukuwapigia kuwauliza?"

"Jibu likishatoka kwetu, sisi hatuulizi tena, tunangoja. Ndo adabu."

"Na wao mbona hawakuuliza?"

"Mtu akikataliwa posa haulizi sababu. Anashukuru, anakaa kimya. Ndo adabu vilevile."

"Basi hiyo adabu leo inataka kunikosesha mume."

"Njoo unichukue," alisema. "Natafuta bakora yangu."

Lakini mwalimu mkuu alinizuia kabla sijawasha gari, hakuniachia mpaka kengele ya mwisho, na nilipomtafuta Noof nimpakie, basi la skuli lilikuwa limeshaondoka naye. Alinitumia ujumbe akiwa njiani: "Ticha nitamzuia bibi. Njooni tu." Nikamtilia shaka. Bi Bakhita ni mwanamke aliyewahi kumrudisha muuza samaki mara nne mlango mmoja, siku moja, kwa samaki mmoja. Hazuiliki.

Ami alikuwa ananingoja nje, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi, kofia mpya. Tukashika njia ya Ruwi. Magari yalijaa, na kwenye kila taa nyekundu Ami alikuwa anaanza sentensi moja ile ile.

"Kwa nini lakini ukaandika mambo kama yale?"

"Ni zoezi."

"Nisomee ulichoandika."

"Sina nakala, Ami."

"Lakini unakumbuka."

Nilikuwa nakumbuka kila neno. Nikamsomea huku nimeshika usukani:

"Kwako wewe. Umemtuma mtu mzima aje aseme kwa niaba yako, na mtu mzima nimemheshimu. Lakini wewe sikukuona. Mwaka mzima unapita mlangoni kwangu unaniuliza khabari za joto, hujaniuliza hata siku moja mimi nataka nini. Mimi si kiwanja hata nitumiwe dalali. Siwezi kusema ndiyo kwa mtu asiyeniuliza. Nenda kwa kheri, na usinitumie mtu mwengine."

Taa ikageuka kijani. Ami akanigeukia.

"Hilo ndo zoezi?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, hilo zoezi lina roho ndani yake."

Adhana ya alasiri ilianza tukiwa bado kwenye foleni.

Tulipofika nyumbani kwa Bi Bakhita, nyuma ya maduka ya Ruwi, mlango ulikuwa wazi na sauti yake inasikika mpaka nje.

"Noof, viatu vyangu viko wapi?"

"Sijui, bibi."

"Jozi tatu nnazo. Zote hazionekani?"

"Labda umeviacha msikitini."

"Mie leo nimekwenda msikitini?"

Ami akagonga kwa bakora. Bi Bakhita akatokea, abaya nyeusi ya kutokea, udi unamnukia, miguu mitupu. Akatuona. Uso wake ukafunga.

"Salaam alaykum, Bi Bakhita," alisema Ami.

"Wa alaykum salaam. Karibuni." Alisogea atupishe. "Mliyoyasema mmeyasema, lakini mgeni ni mgeni. Noof, lete kahawa."

Tukakaa chumba cha wageni. Hakunitazama. Noof alileta kahawa na tende, na alipopita karibu yangu aliniambia kwa chini kwamba viatu vimo kwenye mashine ya kufulia. Kikombe cha pili kilipokwisha, Ami akatoa karatasi.

"Bi Bakhita, hili ndo jibu letu."

"Jibu lenu nnalo. Nimelisoma hata saini hamna. Nikasema sawa, na dharau juu yake."

"Soma hili, kwa hisani yako."

Akavaa miwani. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena, kidole kinafuata mistari. Kwenye neno tumeridhia kidole kilisimama.

"Hii nini sasa?"

"Ndo barua niliyotia saini Jumapili," alisema Ami. "Bahasha zilibadilika."

"Na ile?"

Noof alikuwa ameshachukua kitabu kwenye mkoba wake. Akakiweka mapajani mwa bibi yake, akamuonesha picha ya jalada, mwanamke aliyevaa kofia pana, kasimama shambani.

"Ile ni ya huyu, bibi. Tunawaandikia barua darasani. Mimi yangu nimeandika kurasa mbili. Ungenionesha siku ile ile ningekwambia."

Bi Bakhita alimtazama yule mwanamke wa jalada kwa muda.

"Huyu Mzungu ndo kaniliza mie siku tatu?"

"Ndiye, bibi."

"Na Kiswahili cha Unguja kajifunza wapi?"

"Nilimwandikia mimi, Bi Bakhita," nilisema. "Ni kosa langu, la mtu mwengine hakuna. Nakuomba radhi."

Ndipo aliponitazama. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelia kweli, na nikajisikia vibaya kuliko wakati wote wa siku ile. Nilikuwa nimejifikiria mimi tu. Sikufikiria kwamba kuna mama aliyefunga mlango wa chumba chake akaona mwanawe ametupwa.

"Njoo hapa," aliniambia. Nikaenda. Akanishika mkono, akaupapasa. "Roho yangu imetua, mwanangu. Alhamdulillahi. Lakini mie siye nliyeandikiwa. Majid alipoisoma alisema neno moja tu. Alisema, amesema kweli. Hiyo kweli mtaijua wenyewe."

Gari likasimama nje.

Majid aliingia na vumbi la Quriyat mpaka magotini. Alitoa salamu, akamuona Ami, akaniona mimi, akatazama chini.

"Mama, nimekuja kukupeleka."

"Siendi popote, sina viatu," alisema Bi Bakhita. Akampa karatasi. "Soma. Halafu mkae hapa, mlango wazi. Sisi tuko ukumbini, na masikio yangu mazima. Noof, twende."

"Bibi, mimi ndiye najua kitabu chote."

"Twende."

Tukabaki wawili, kiti hiki na kiti kile, meza ya kahawa katikati. Majid alisoma amesimama. Kisha akakaa.

"Kwa hiyo ile haikuwa yangu."

"Haikuwa yako. Ni zoezi la darasani. Mjane anamkataa jirani yake."

"Alhamdulillahi," alisema. Lakini hakucheka. Aliikunja ile karatasi akaiweka mezani. "Shahad, nikuulize kitu kimoja?"

"Uliza."

"Huyo mjane wa Marekani, kila siku jirani yake anamuuliza khabari za joto?"

Nikatafuta mahali pa kutazama.

"Kwa sababu mimi nimeisoma ile barua mpaka nimeihifadhi," aliendelea. "Huko mlimani nilikuwa napima, naandika namba kinyume, mafundi wananiuliza kama nina homa. Kila neno lilinihusu. Kama ni zoezi tu, niambie ni zoezi tu, nami nitashukuru na tutasahau."

Ningeweza kusema ndiyo, ni zoezi tu. Mambo yangekwisha pale, fatiha ingesomwa, na mimi ningeolewa. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Lakini nilimuona alivyokaa, amenyooka kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano, nikaona nikimdanganya leo nitamdanganya miaka thelathini.

"Ni zoezi," nilisema. "Lakini nilipokaa kuandika sikumuona jirani wa kitabuni. Nilikuona wewe pale getini umeshika ufunguo wa gari."

"Nakuambia nyuzi arubaini na tatu."

"Unaniambia hivyo hivyo. Nilisomewa posa na Ami kama ninavyosomewa khabari za mtu mwengine. Nilifurahi, nikaenda chumbani nikakasirika. Mwaka mzima una simu yangu. Neno moja, Majid."

"Kwa hiyo umenikataa au umenikubali?"

"Nimekukubali, na nina hasira. Yote mawili."

Alijifuta uso kwa kiganja, vumbi likampaka mstari kwenye shavu.

"Mimi nimelelewa kwamba mwanamume mwenye heshima hamsemeshi binti wa watu kabla ya wazee. Baba yangu alimuona mama siku ya harusi. Kila siku nilikuwa nakuja pale getini na maneno mengine kabisa. Nikikuona nasema, nikimwambia nitakuwa nimemvunjia heshima. Halafu nakuambia khabari za joto."

"Mimi nilidhani mama yako ndiye anayetaka mkwe, na wewe umeitikia."

"Mama alisikia jina lako kwangu mara ya kwanza mwaka jana. Tangu hapo hanipi usingizi, kila siku ananiuliza twende lini."

"Nlikuwa nakuuliza kila siku," ilisema sauti ya Bi Bakhita kutoka ukumbini. "Mara mbili kwa siku."

Nilikuwa nacheka kwa ndani na machozi yako karibu, sijui kipi kitatangulia.

"Basi niulize," nilisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Usimtume mtu."

Alinyanyuka, sijui kwa nini, akasimama nyuma ya kiti na kukishika mgongo kwa mikono miwili. Huyu ni mtu anayepanda majabali kwa kazi yake, na kiti anakishikilia kama ataanguka.

"Shahad. Mimi ndiye ninayekutaka. Mama naye anakutaka, lakini hilo ni lake. Nakupenda tangu ile siku ulipomgombeza Noof kwa kuchelewa, halafu ukamkimbilia na mwavuli. Ukinikataa nitatoka hapa na sitamleta mtu. Utakubali niwe mume wako?" Akavuta pumzi. "Na kabla hujajibu, unataka nini? Sijakuuliza."

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nimelalamika kwa ufasaha mkubwa kwamba sikuulizwa ninachotaka, na nilipoulizwa nikakuta sijajiandaa hata kidogo.

"Ngoja," nilisema.

"Nangoja."

"Nataka niendelee kusomesha."

"Sawa."

"Nataka Ami Hamood asibaki peke yake. Tukae karibu naye."

"Nyumba ya jirani yake inapangishwa," alisema. "Nimeshaulizia, mwezi uliopita."

Nilimtazama. Mwezi uliopita posa ilikuwa hata haijaandikwa.

"Na ukikasirika uniambie umekasirika. Usiniombee kheri. Ukiniombea kheri mimi nitaitikia Amin na tutapotezana."

Hapo alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kama mtu aliyetua gunia, akainamisha kichwa juu ya kile kiti na kucheka mpaka nami nikaanza.

"Sitakuombea kheri tena," alisema. "Nitakugombeza."

"Basi ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nimekubali. Nami nakupenda. Ulitaka niandike?"

"La," alisema haraka. "Usiandike kitu."

Nikamsikia Ami Hamood ukumbini anakohoa na kusema kwamba kama watu wako tayari yeye anaijua fatiha, na Noof anapiga makofi, na Bi Bakhita anamwambia aache makelele anatafuta namba. Alikuwa ameiwasha simu yake. Tulimsikia anapiga, sauti imerudi ile ya siku zote, ya kumrudisha muuza samaki.

"Aloo, Matrah? Ndo mie. Msitungoje, hatuji tena leo. La, hakuna mgonjwa, sote wazima. Ni kwamba mwanangu kamuuliza mwanamke mwenyewe, kwa mdomo wake, na kajibiwa." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, hapa hapa kwangu. Mie nimekaa nje ya mlango, nimesikia neno kwa neno."

Majid alijificha uso kwa mikono miwili. Mimi nikajiegemeza kitini, nikanyoosha mkono kwenye sahani ya tende, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikasikia njaa.